Nilivyousakafia Uwanja wa Mama

Mimi ni mtu wa haraka, na nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Kitu kikikaa vibaya silali mpaka nimekinyoosha. Mume wangu husema siku nikifika peponi nitaanza kwa kuwapanga malaika upya. Basi mama yangu alipoanguka uwanjani kwake Newala, asubuhi ya baridi, akavunjika nyonga, mimi sikulia. Nilitafuta mkosaji. Na mkosaji nilimwona palepale chini, pembeni ya mahali alipoangukia: fagio lake.

Mama ni mjane, na baba alipofariki alikataa kuhama. Mimi naishi Masasi, Mkomaindo, nashona nguo, na nina chumba cha ziada chenye dirisha zuri. Nilimbembeleza miaka. Alikuja mara moja tu, akakaa siku nne. Akasema Masasi kuna joto, na uwanja wangu ni mdogo kiasi kwamba mtu akijinyoosha anamgusa jirani. Siku ya tano akapanda gari akarudi zake juu, kwenye ukungu wake na mihogo yake.

Uwanja wa mama ulikuwa wa mchanga mwekundu, mpana, kuanzia mlangoni hadi mikorosho miwili ya mpakani. Aliufagia kila siku alfajiri, kabla ukungu haujainuka. Fagio la dukani hakulitaka. Alikata vijiti vya vichakani, akavifunga kwa kamba ya gome, akazikata ncha zikawa sawa. Aliinama, mkono mmoja mgongoni, akafagia akirudi nyuma, taratibu, mdomo ukimchezacheza. Akimaliza, uwanja umejaa michirizi ya fagio, mafungu mafungu, kila fungu limeelekea upande wake. Na ole wako ulikanyage kabla jua halijatoka. "Wewe! Utamkanyaga kaka yako!" Tulipokuwa wadogo tulitazama chini hatumwoni kaka yeyote. Kaka mwenyewe yuko ndani anakoroma. Tulijua ni maneno ya kutisha watoto, tukacheka, tukazungukia nyuma ya jiko.

Sasa mama amelazwa Ndanda, mguu umefungwa, na mimi nashinda pale nikimlisha uji na kuwaza. Nikawaza hivi: mguu huu ukipona, atarudi nyumbani, atachukua fagio, atainama, ataanguka tena. Nikimkataza hatasikia, namjua. Dawa ni kuondoa kazi yenyewe. Na pale Newala maji ni shida, kila mtu anajua. Kila mwenye bati ana kisima cha sementi ardhini, mvua inatiririka kutoka kwenye bati hadi kisimani, na hayo ndiyo maji ya familia. Mama alikuwa na kisima kingine kidogo, cha maji ya kufulia, ambacho hakijai hata siku moja. Nikaona nimepata jibu la mambo mawili kwa mpigo. Nikimsakafia uwanja mzima, ukainamia kile kisima kidogo, hafagii tena na maji anapata. Nilijipongeza mwenyewe kwenye benchi la hospitali.

Ndugu zangu wote waliafiki. Fundi akaja, akaleta watu wake, wakasawazisha mchanga, wakamwaga zege, wakapiga lipu ikateleza kama sahani. Majirani walikuja kutazama. "Huyu ndiye mtoto!" walisema. "Mama yake kazaa!" Nami nikavimba kichwa, kwa nini niseme uongo.

Mwezi wa nane tulimrudisha. Mikorosho ilikuwa inatoa maua. Nilimshusha garini, mkono mmoja kwangu, mwingine kwenye mkongojo, nikawa natabasamu peke yangu nikisubiri afurahi. Mama alitazama ule uwanja. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nani kafa?" akauliza.

"Mama?"

"Nauliza nani kafa. Hapa kwetu nje tunasakafia makaburi."

Loo, nilikasirika! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia yale ambayo mtu hapaswi kumwambia mama yake: kwamba hana shukrani, kwamba nimeacha cherehani na watoto kwa ajili yake, kwamba wenzake wangecheza ngoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akaomba mkeka, akakaa barazani, akaipa ile sementi mgongo.

Asante ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Nikasema atazoea.

Hakuzoea. Mama yangu alikuwa mtu wa kumaliza ugali wa muhogo na kisamvu chake na kufuta sahani kwa kidole. Sasa alikula matonge mawili, akasukuma sahani, eti ameshiba. Uji aliuacha ukapata utando. Rafiki zake wa kanisani walikuja kumwona, akawaitikia salamu na kunyamaza. Jumapili nikamwambia nimepata bajaji ya kumpeleka mpaka mlangoni mwa kanisa, akasema mgongo unamuuma. Jioni nilimwambia, basi mama tusali hapahapa. Akanijibu bila kugeuka, "Sali wewe. Mimi nimepoteza pa kuanzia."

Mganga wa zahanati alimpima kila kitu. Mfupa umeunga, damu nzuri, mapafu safi. "Huyu hana ugonjwa," akaniambia kando, "lakini mwili unaisha. Kuna kitu kimemkatisha tamaa. Mkitafute nyie nyumbani." Nilikuwa nimeshaona bila kuambiwa. Mimi ni mshonaji. Nililipunguza gauni lake mara moja, baada ya wiki tatu nikalipunguza tena, na mara ya pili nilipomvalisha niliweza kushika kitambaa cha ziada kwenye ngumi. Niliogopa. Nilikwenda chooni nikalia huko, kwa sababu nilielewa kwamba mama yangu anaondoka, na haondoki kwa nyonga.

Jirani wa mama ni bibi wa Kiislamu, rafiki yake tangu walipochezwa unyago pamoja, na uwanja wake ni wa mchanga kama uliokuwa wa mama. Asubuhi moja nilimwendea, moyo umejaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vipi hali ya mwenzangu, mama yako?"

Nikaanza kulalamika. Nikamweleza yote, kula, kanisa, sala, mgongo wa mama barazani siku nzima. Alikuwa anafagia. Alinisikiliza kidogo, akanisukumia fagio mkononi. "Kiuno kinaniuma. Fagia huku unalalamika, kazi isilale."

Nikafagia. Nilifagia ninavyofanya kila kitu, mbele kwa mbele, vumbi juu.

"Ala! Unafukuza kuku?"

"Si nafagia, bibi?"

"Rudi nyuma. Taratibu. Haya, unamtaja nani hapo?"

"Namtaja nani kivipi?"

Akakaa kwenye ngazi ya baraza lake. "Kumbe hujui," akasema. "Mtu mzima wewe, una wajukuu, hujui mama yako alikuwa anafanya nini pale uwanjani?"

Akanieleza. Mama alizaa tisa na kulea watano. Hayo nilikuwa nayajua, kwa hesabu tu, kama mtu anavyojua idadi ya madarasa aliyosoma. Yule wa kwanza alipokufa, mama alikuwa bado msichana, na alishindwa kusali. Alipiga magoti, maneno hayakuja. Kanisani alifungua mdomo, wimbo ukakwama. Ndipo mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, akamshikisha fagio akamwambia: mfagilie mwanao mahali pake hapa nje, mtaje jina, basi. Maneno yakikosekana, fagia. Mama akafagia fungu moja la yule mtoto. Kila mtoto aliyezaliwa akapata fungu lake, aliyekufa lake, aliye hai lake. Huyu mguu wake upone. Huyu aache pombe. Huyu mtihani wake. Huyu huko aliko apumzike. Fungu likiisha, anahamia kwa mwingine.

"Mimi nilimwiga," yule bibi akasema. "Nina swala zangu tano, hii siihesabu humo. Haya ni mazungumzo tu, mimi na Mola, kabla watu hawajaamka wakatuingilia. Mama yako kanisani alikuwa anakwenda kusalimia watu. Kusali alikuwa ameshasali."

"Usimkanyage kaka yako," nikasema, kwa sauti, kama mjinga.

"Ndiyo hivyo. Na wewe, mwanangu, Mungu akusamehe kwa sababu hukujua, umewafunika wote tisa kwa sementi."

Sijui nilivyotoka pale. Najua nilikaa kwenye shina la mkorosho wa mpakani nikalia bila kujificha, na watu walikuwa wanapita. Nilijionea aibu kama mtoto. Miaka yote naimba kwaya, naongoza kikundi cha akina mama, natoa ushauri kwa watu wenye ndoa mbovu. Na sala yangu ilikuwa ya kukimbia. Nilifanya kazi haraka ili nipate nafasi ya kusali, nikasali haraka ili nirudi kazini, na kote kuwili sikumkuta Mungu, nikadhani ndivyo alivyo, mtu mwenye shughuli nyingi kama mimi. Mama yangu, asiyejua kusoma, alikuwa anakaa naye kila alfajiri akiwa ameinama.

Nikamtafuta fundi. Alipojua ninachotaka alishika kichwa. "Mama, nibomoe kazi ya mikono yangu mwenyewe? Haijapata hata mvua!" Akakataa katakata, na simlaumu. Kaka yangu mkubwa naye nilimpigia simu.

"Umechanganyikiwa?" akauliza.

"Ndiyo," nikamjibu, nikakata.

Nikaazima nyundo kubwa na mtaimbo, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza mwenyewe. Jamani, zege halina huruma. Nilipiga mara kumi likatoka kipande cha kiganja. Mpaka saa nne viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na mimi mikono yangu ndiyo kazi yangu. Wapita njia walisimama.

"Kulikoni tena huko?"

"Natafuta watu wangu," nikawajibu, wakaondoka wakiangaliana.

Mama alikuwa barazani, mgongo uleule. Nilipopiga nyundo ya kwanza alishtuka. Baadaye akageuka nusu. "Unaharibu mali," akasema. Sikumjibu, na wanaonijua watakwambia huo peke yake ni muujiza.

Siku ya pili alikuwa amegeuka mzima. "Shika mtaimbo chini zaidi, utavunja kiuno, tulale hospitali wote wawili."

Siku ya tatu niliamka sina hali, mabega yamekufa. Nikasema moyoni, nikienda kwa pupa nitashindwa. Nikaamua kila kipande nitakachotoa nitamtaja mtu mmoja, si kwa sababu nilikuwa mtakatifu, bali nilikuwa nahitaji sababu ya kuinua nyundo tena. Nikamtaja kaka. Nikamtaja mume wangu, ambaye alikuwa anapika mwenyewe Masasi bila kunung'unika. Nikamtaja yule fundi. Nikawataja wale wanne ambao sikuwahi kuwaona, na wawili kati yao sikujua hata majina, nikasema tu yule wa kwanza, yule wa baada ya kaka. Nyundo ilikuwa nzito vilevile. Lakini nilikuta sina tena ile hasira ya kumaliza, na nilishangaa jinsi mahali pale palivyokuwa pametulia, wakati mimi mwenyewe ndiye ninayepiga kelele. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nasali, na nilikuwa sina haraka.

Saa tano hivi nikasikia nyuma yangu, "Uji upo?"

Niligeuka. "Upo, mama."

"Utie sukari. Ule wa jana ulikuwa maji ya kuoshea vyombo."

Alikunywa kikombe kizima, nami nikajifanya sioni, nisije nikamharibia.

Siku ya nne aliteremka na mkongojo wake akawa msimamizi. Hapa toa. Hapa bado kuna kipande. Nilipofika upande wa kisima kidogo akanizuia. "Hapo acha. Hapo nilikuwa simfagii mtu, ni pa kumwagia maji machafu. Maji tunayataka, mwanangu, kwa maji ulifikiri vizuri." Kwa hiyo ukienda leo utakuta kipande cha sementi kimebaki pale kisimani, na mvua zikinyesha kile kisima kinapata maji kidogo kuliko nilivyopanga. Kinatutosha.

Chini ya sementi mchanga ulikuwa umeshikana, wa baridi, una harufu ya chumba kilichofungwa. Na kulikuwa na nyasi. Nyuzi nyeupe, dhaifu, zinatambaa huku na huku zikitafuta pa kutokea. Mama aliziona akasema, "Hee, hizi nazo hazikati tamaa," na ndiye huyohuyo aliyekuwa ameniambia amepoteza pa kuanzia. Nilibeba vifusi kwa karai nikajaza mashimo ya njia ya kwetu. Mchanga mpya tuliuchota bondeni nyuma ya shamba, nikautandaza.

Asubuhi iliyofuata alinigongea yeye. Nje ukungu ulikuwa mzito, mikorosho haionekani. Nilikuwa nimemkatia fagio fupi, maana kuinama hawezi tena, na nikamwekea kigoda katikati ya uwanja. Akakaa. Akafagia nusu duara, kiasi cha mkono kufika. Alimfagilia yule wa kwanza. Alichukua muda mrefu sana pale, mdomo ukimchezacheza, na safari hii nilisogea nikasikia. Alikuwa anamwambia Mungu kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa.

Kisha mkono ukachoka. "Nimeishia hapa," akasema. "Shika wewe. Kaka yako yuko pale."

Nikashika lile fagio refu. "Niseme nini?"

"Sema shida yake. Usipambe pambe, Mungu si mteja wa gauni."

Nikarudi nyuma, taratibu, nikamwomba Mungu ampunguzie kaka hasira.

"Hiyo ya hasira ni yako," mama akasema kutoka kigodani. "Ya kaka yako ni pombe."

Tukaenda hivyo, yeye ananionyesha, mimi nafagia. Akanipa majina ya wale wawili. Niliyasema kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Fungu langu lilikuwa la mlangoni. Nilitaka kulipita haraka kwa aibu, akanirudisha: "Hapo fagia vizuri, hapo ndipo takataka hujaa." Nikacheka mwenyewe.

Tukafika tisa. Uwanja wote ulikuwa na michirizi yake, umebaki tu mduara mdogo pale kigoda kilipo.

"Na wewe, mama? Fungu lako liko wapi?"

"La kwangu?" Alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Mimi si ndiye nafagia? Nani kakwambia nina fungu?"

"Miaka yote hiyo?"

"Ningelipata saa ngapi? Nyinyi tisa mlikuwa mnanimaliza."

Miaka yote hiyo, alfajiri baada ya alfajiri, hakuna aliyemtaja yeye. Kanisani nilikuwa naomba, "tuwaombee wazazi wetu," naendelea na tangazo linalofuata.

"Inua miguu, mama," nikasema.

"Ya nini?"

"Inua tu."

"Wewe! Ukinifagia miguu nitakosa mume!"

"Ulishaolewa, mama, inatosha."

Akacheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike kigoda kwa mikono miwili, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipoanguka. Kisha akainua miguu yote miwili, ule mzima na ule mbovu, nami nikainama nikafagia pale chini yake, taratibu, nikilitaja jina lake.